Picha Zisizo na Ukungu

Niliandika maneno ya kejeli kuhusu picha za mandhari. Nilikuwa nimetoka kwenye maonyesho fulani Nairobi, kuta zimejaa migunga, machweo na twiga wawili wawili, bei zimeandikwa kwa dola. Nikafika kwa nyumba nikaandika kwamba mandhari ni sanaa ya mtu asiyelima. Anayelima, nilisema, hana muda wa kusimama kando ya shamba akilikodolea macho kama bibi harusi. Watu walicheka, wakasambaza, nami nikajiona mhakiki.

Wiki mbili baadaye nikapata ujumbe kwa simu kutoka kwa mwalimu aliyenifundisha darasa la sita huku Muthara. Hakunisalimia hata. "Nimesoma. Njoo Jumamosi uone kwanza, ndio uandike."

Mwalimu wako akikuita unaenda, hata kama una miaka ishirini na sita, hata kama uliacha chuo mwaka wa pili na hujawahi kumwambia. Nikatafuta nauli, nikapanda matatu hadi Meru mjini, nyingine ya kupanda Nyambene, halafu boda. Ilikuwa Julai. Mtu wa boda alikuwa amevaa jaketi mbili na kofia ya sufu chini ya helmeti, taa ameiwasha saa tisa mchana. Tulipofika mahali ambapo kwa kawaida unaona ardhi ikiteremka hadi nyika za Isiolo, hakukuwa na nyika. Kulikuwa na weupe tu, na sauti ya mbuzi ndani yake.

Wacha nieleze darasa lenyewe, maana makala hii ni uhakiki wa darasa hilo, na uhakiki wa maneno yangu pia.

Mwalimu hakusomea sanaa. Sisi tulipofanya KCPE hakukuwa na karatasi ya sanaa, kwa hivyo kipindi kilichoandikwa sanaa kwenye ratiba tulikifanyia hesabu. Mtaala wa CBC ulipokuja, sanaa ikarudi darasani, na jukumu likamwangukia yeye kwa sababu ana mwandiko mzuri ubaoni. Akaenda kwa YouTube. Huko akakutana na wazungu wa pwani ya California wanaofundisha kuchora mandhari wakiwa nje, kwenye ukungu, turubai zimesimamishwa kwa viunzi vya miguu mitatu, mbele yao bahari isiyoonekana. Aliniambia hakuelewa nusu ya Kiingereza chao, lakini ukungu aliuelewa. Huo si wetu?

Ni wetu na si wetu. Ukungu wa California unatokana na mkondo wa maji baridi unaopita kando ya pwani ile: hewa yenye unyevu ikikutana na baridi inageuka matone. Maji ya pwani yetu ni ya joto, ndio maana mtu wa Mombasa anaweza kuzeeka bila kupotelea kwenye ukungu. Lakini upepo wa Bahari ya Hindi hubeba unyevu hadi bara. Ukigonga safu ya Nyambene unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, na asubuhi tunaamka tukiwa ndani ya wingu. Kwa hiyo ukungu wa Muthara nao umetoka baharini, ila umesafiri.

Darasa ni Jumamosi saa moja asubuhi. Nilikuta watoto kumi na mmoja, wa gredi ya sita hadi ya nane. Kila mmoja ana robo ya karatasi ya manila iliyobanwa kwa vibanio vya nguo juu ya kipande cha plaiwudi, rangi za maji za vidonge, vipande vya mkaa kutoka jikoni kwa shule, na maji kwenye mkebe wa Kimbo. Wanasimama ukingoni mwa uwanja wa mpira, ardhi inapoanza kuteremka. Mbele yao kuna ua wa miti, halafu migomba, halafu mashamba ya miraa, halafu kilima, halafu, siku ikiwa safi, nyika hadi mwisho wa macho. Siku hiyo tuliona ua na nusu ya migomba.

Somo la kwanza ni kuhesabu. Kwa dakika kumi hakuna kushika brashi. Mwalimu anauliza: unaona matabaka mangapi? Kilicho karibu kina weusi wake. Kilicho nyuma yake kimefifia. Cha nyuma zaidi kimebaki kama doa la maji kwenye shati. Kati yako na kile kitu kuna matone madogo yanayotawanya mwanga. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali ndivyo matone yanavyozidi, mpaka kitu na hewa vinakuwa rangi moja. Kwa hivyo ukungu huchorwi wenyewe. Unachora vitu, kila kimoja kikiwa kimefifia kiasi chake, na ukungu unajitokeza katikati yao. Mtoto anayemaliza picha kisha akapaka rangi nyeupe juu yake anapata picha iliyomwagikiwa maziwa. Niliona mbili kama hizo.

Somo la pili: anza na cha mbali. Maji mengi, rangi kidogo, subiri ikauke. Kisha tabaka linalofuata, maji yamepunguzwa. Mwisho mkaa, kwa kitu cha karibu kabisa. Na hapa ndipo California na Muthara zinapoachana. Wale wa video wanatumia rangi za mafuta, ambazo hazisubiri maji yapae. Rangi ya maji inategemea hewa iikaushe, na hewa ya Julai huku imeshashiba maji. Tabaka la pili linaingia ndani ya la kwanza, kilima kinaimwagikia migomba. Mwanzoni mwalimu aliwaambia wapepee kwa madaftari. Wakachoka. Sasa suluhisho lake ni jiko. Mtoto akimaliza tabaka moja anakimbia na ubao wake hadi jikoni kwa shule, anauinamisha karibu na makaa, si karibu sana kwa sababu kuna mmoja aliunguza kona, anahesabu hadi mia, anarudi mbio.

Akirudi, alichokuwa anachora hakipo. Ukungu umehama. Migomba imemezwa, au kilima kimetokea mahali ambapo hakukuwa na kitu. Nilisimama pale nikiangalia watoto wakikimbia na plaiwudi vifuani, na nikaona kila mmoja anarudi na swali lile lile: nichore ninachoona sasa, ama nichore nilichoona kabla sijaenda jikoni?

Swali hilo lina historia ndefu Afrika Mashariki, na wengi wetu tunaopenda kuandika kuhusu sanaa tumelijibu bila kujua kwamba tumeulizwa.

Mwaka 1937, Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea Slade jijini London, alianza kufundisha sanaa barazani kwa nyumba yake huko Kampala. Darasa hilo likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere. Njia yake haikuwa ya kuwapeleka wanafunzi wasimame mbele ya kilima. Aliwasimulia tukio kwa maneno, la Biblia ama la maisha ya kijijini, wao wakasikiliza, wakaijenga picha akilini, kisha wakachora ile ya akilini. Alihofia kwamba mazoezi ya Ulaya ya kunakili kilicho mbele ya jicho yangeua kitu ambacho Mwafrika anacho tayari. Hofu hiyo ina heshima ndani yake, na ina dharau pia. Heshima ni kuamini kwamba kijana aliyetoka kijijini ana picha kichwani zinazostahili karatasi. Dharau ni kumwamulia mapema kwamba kuangalia ni kazi ya Mzungu na yake yeye ni kukumbuka.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Naye alikuja kusoma Slade, akafundisha Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wake London. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Museum of Modern Art ya New York.

Nimetazama picha za Ntiro nilizoweza kupata, karibu zote kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na nazipenda. Watu wako kazini. Migomba imejaa. Vilima vimepandana. Kila jani lina nafasi yake, na la mbali liko wazi sawa na la karibu. Hakuna anayekosa kuonekana. Hicho ni kijiji kama kinavyokumbukwa na mtu anayekipenda, ambapo kila mtu ana shughuli na hakuna kona iliyofichwa.

Lakini Machame ina ukungu. Aliyewahi kulala mteremko ule mwezi wa Juni anajua unavyoweza kukaa siku nzima bila kuuona mlima uliokufanya upande basi. Katika picha nilizoziona, ukungu huo haupo. Nilikaa na jambo hili kwa muda, kwa sababu Ntiro hakuwa mtu wa kukosa macho. Nadhani kumbukumbu huwa haina hali ya hewa. Mwambie mtu afumbe macho akumbuke kwao: atakuonyesha nyumba, mti, njia ya mtoni, na vyote vitakuwa safi kama vimeoshwa. Hatakumbuka asubuhi ambayo hakuviona. Ntiro alipitia Slade, akaijua njia ile nyingine, na bado akashika yake, kwa hiyo sitasema alifungwa na mwalimu. Nasema tu kwamba njia aliyoishika ilimpa kijiji kizima, na kuna asubuhi za Machame ambazo haikuweza kumpa.

Mwaka 1958 shule ya Makerere ikachukuliwa na Cecil Todd. Yeye alileta kuchora kwa kuangalia, kanuni za kuonyesha umbali, nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya Ulaya. Tangu hapo ugomvi wetu umekuwa huo: jicho ama kumbukumbu, Ulaya ama sisi. Na hapa ndipo nilipojipata. Ile kejeli yangu, niliyoiona kali, ya kijana anayekataa sanaa ya watalii, ilisema nini? Ilisema kwamba kusimama nje ukaangalia shamba ni tabia ya mgeni. Ni maneno ya Trowell. Nilikuwa nimerudia hofu ya mwalimu wa kikoloni ya mwaka 1937, nikaipiga rangi mpya, nikaita ukombozi.

Halafu maneno yale hayakuwa ya kweli kwa ground. Angalia anayechuma miraa. Alfajiri yuko juu ya mti, anaangalia ncha moja moja: hii imekomaa, hii iache hadi kesho kutwa, hii imepigwa na baridi. Wanunuzi wako barabarani wanangoja, na bunda likichelewa linashuka bei. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipofunga mlango kutoka 2020 hadi 2022, watu wa huku walizisoma habari hizo kwenye miti yao: ipi imeachwa bila kuchumwa, ipi imeng'olewa kupisha mahindi. Sijaona mtu anayeangalia mandhari kwa bidii kama mkulima ambaye bei imebadilika. Mimi ndiye nilikuwa siangalii. Nilikuwa Nairobi nikiandikia kampuni za watu maelezo ya sabuni.

Jambo lingine ni hili la kudhani kwamba kuchora nje ni roho ya Ulaya, kitu walichozaliwa nacho. Wachoraji wa kule walibeba rangi zao kwenye vibofu vya nguruwe, vikitoboka basi, mpaka mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akapata hataza ya mrija wa bati unaokamuliwa kama wa dawa ya meno. Kutoka nje na rangi kukawa rahisi. Kwa mwalimu wangu ni vibanio vya nguo na jiko. Kila mahali kuchora nje huanza na mtu kutafuta namna ya kubeba na kukausha vitu.

Na hata bingwa wao wa kuchora nje hakubaki nje. Claude Monet alienda London mara tatu kati ya 1899 na 1901 kwa sababu ya ukungu. Alikaa Savoy Hotel, akachora mto Thames, turubai nyingi kwa wakati mmoja. Mwanga ukibadilika anaiweka hii, anachukua nyingine. Hata hivyo ukungu ulimshinda mbio. Akazibeba picha hadi kwake Giverny, akazifanyia kazi kwa miaka ndani ya studio, Thames ikiwa mbali, akazionyesha Paris mwaka 1904. Ukungu unamlazimisha mtu yeyote, awe Mfaransa ama mtoto wa Muthara, kukamilisha kwa kumbukumbu kile alichoanza kwa jicho. Mbio za kwenda jikoni na kurudi ni safari ya London na Giverny, imefupishwa ikawa mita hamsini.

Ndio maana nasema darasa hili ni la maana kuliko linavyojidhania. Mwalimu anafikiri anafundisha mbinu ya YouTube. Nionavyo mimi, bila kukusudia, anafundisha mahali ambapo Trowell na Todd wangelazimika kusimama pamoja. Ushahidi wangu ni picha mbili.

Ya kwanza ni ya binti wa gredi ya nane. Chini kuna ua, kwa mkaa. Juu yake migomba. Nyuma ya migomba, kwa rangi ya maji iliyofifia, kuna miti minne mikubwa yenye mashina mazito yaliyojipinda. Nilitambua ni mbaine, miraa ya kale, ile ambayo mtu hurithi kutoka kwa babu yake. Nikaangalia mbele: ukungu. Ulipoinuka kidogo kama saa nne nikaangalia tena, na pale mahali palikuwa na mahindi. Mwalimu akaniambia taratibu kwamba miti hiyo ilikuwepo. Babu ya yule binti alipofariki shamba liligawanywa, na aliyepata kipande kile akaikata.

Nilirudi kwenye picha. Miti ilikuwa imefifia kiasi hasa cha umbali wake; kama ingekuwepo, siku ile ingeonekana hivyo. Mwanafunzi wa kufumba macho angetuchorea mbaine safi, kila tawi, kama kwenye kalenda. Mwanafunzi wa kuangalia tu angetuchorea mahindi, au asichore kitu. Huyu alitumia jicho kujua ukungu ulikuwa mzito kiasi gani, akatumia kumbukumbu kujua nyuma yake kulikuwa na nini. Ukungu ulimruhusu, kwa sababu siku ile hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumwambia kwamba miti haipo. Kasoro iko: mkaa wa ua umezidi, akajaribu kuufuta kwa kidole, ukaacha uchafu upande wa kushoto. Bado ndiyo picha bora ya mandhari niliyoiona mwaka huu, na nimeingia kwenye maonyesho mengi ya bure.

Picha ya pili inaniuma.

Ni ya kijana wa gredi ya saba, mpole, sweta yake imeisha viwiko. Yeye alichora ua: nguzo tatu na waya, mkaa mwepesi, chini kabisa ya karatasi. Juu ya ua alipaka maji yenye rangi kidogo sana, karibu isionekane. Halafu akaweka brashi chini. Mwalimu alikuwa jikoni akizuia mtu asiungue, mimi ndiye nilikuwa msaidizi. Nikamwambia, "Bado hujamaliza."

Akaangalia karatasi, akaangalia mbele. "Nimemaliza."

"Huku juu kote ni tupu. Ongeza kitu."

Hakubishana. Watoto wa huku hawabishani na mtu mkubwa aliyetoka Nairobi. Akachukua mkaa, na katikati ya ule weupe akachora mgunga. Mgunga wenye kichwa bapa kama meza, mmoja, katikati kabisa. Hakuna mgunga pale. Migunga iko kule chini nyikani, na siku hiyo nyika yenyewe haikuonekana. Aliuchora kwa sababu aliambiwa picha yake haitoshi, na mgunga ndio kitu anachojua kwamba huwekwa kwenye picha ili itoshe. Uko kwenye pakiti, kwenye fulana, kwenye ukuta wa hoteli. Mimi niliyecheka migunga kwenye makala nzima ndiye niliyeuagiza.

Na nilijua zaidi ya hapo. Kitu kimoja nilichotoka nacho chuoni, kabla karo haijanitoa, ni picha moja kwenye kitabu cha maktaba: skrini za karatasi zilizochorwa na Hasegawa Tōhaku, Mjapani wa karne ya 16, misonobari ndani ya ukungu, wino tu. Sehemu kubwa ya karatasi haikuguswa. Miti michache inatoka kwenye weupe na kurudi ndani yake, na Japani inazihesabu skrini hizo kuwa hazina ya taifa. Nilikaa na kitabu kile hadi wakanifukuza jioni. Kama ningeonyeshwa karatasi ya yule kijana ndani ya fremu, Nairobi, na jina la mtu mzima chini yake, ningeandika aya mbili kuhusu ujasiri wa kuacha nafasi. Uwanjani Muthara, kwa mtoto mwenye sweta iliyoisha, niliona kazi isiyokamilika.

Elimo Njau wa Marangu, aliyefundishwa na Trowell, ndiye aliyechora ile michoro mikubwa ya ukutani ya mwaka 1959 kwenye kanisa la Murang'a, akaweka maisha ya Yesu ndani ya migongo ya nchi ya Wakikuyu. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa jijini Nairobi, na maisha yake yote amejulikana kwa kuwaonya wasanii dhidi ya kunakili. Zamani nilidhani onyo hilo linawahusu wanaochora vilima kama wazungu. Sasa naona kuna kunakili kwa aina mbili. Mwalimu wangu alinakili video, na rangi ilipokataa kukauka akalazimika kubuni. Yule kijana hakuwa amenakili chochote, hadi nilipomsaidia.

Nina lawama kwa mwalimu pia, na nilimwambia ana kwa ana tukinywa chai. Anakusanya picha saa tano, anaandika tarehe nyuma, anaziweka kwenye kabati, basi. Watoto hawaoni za wenzao. Hakuna anayeuliza kwa nini huyu ameweka miti isiyokuwepo na yule ameacha karatasi tupu. Jicho linafundishwa, kumbukumbu inafundishwa kwa bahati, lakini mazungumzo hayafundishwi. Na hawajawahi kuona picha hata moja ya Ntiro wala ya Njau. Mandhari yote wanayoyajua nje ya kijiji ni ya California na ya kwenye pakiti. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hayo ya mazungumzo, si ndiyo kazi yako?"

Nilirudi Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimechapisha kwa cyber picha nne, mbili za Ntiro, moja ya Monet na ile ya misonobari, rangi zikatoka za kijani kijani lakini zinaonekana. Tulizibandika ukutani jikoni, mahali wanaposubiri karatasi zikauke. Yule binti alisimama mbele ya Ntiro muda mrefu, akaniuliza kwa nini majani ya mbali ni meusi kama ya karibu. Nikamwambia makala nzima hii, kwa ufupi. Akasema labda kulikuwa kumenyesha jana yake. Sikuwa nimewaza hilo. Baada ya mvua hewa huwa safi, na hata mbali huonekana kama karibu.

Yule kijana hakuja. Wenzake walisema ameenda kuchuma miraa, Jumamosi hulipa vizuri. Inawezekana kabisa. Siwezi kusema ni kwa sababu yangu, na siwezi kusema si kwa sababu yangu. Nilimwomba mwalimu karatasi yake kutoka kabatini. Mkaa hufutika ukitumia mkate laini. Hilo nalo nilijifunza chuoni. Nilikaa jikoni na kipande cha mkate nikaanza kuufuta mgunga, kisha nikaacha. Karatasi ni yake. Nimeibeba kwenye faili, na mkate ninao. Jumamosi ijayo, kama hatakuja uwanjani, nimeshaulizia ni shamba lipi wanachuma.